Evdev: Linux inavyoisoma padi ya gemu

Evdev ni sehemu ya kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) ya Linux inayochukua kila kinachobonyezwa au kusukumwa kwenye kibodi, mausi au padi ya gemu, na kukifikisha kwa programu kwa umbo moja tu: tukio.

Ukichomeka padi, kiendeshi chake, yaani programu ya kerneli inayoongea na kifaa hicho, huitambua: xpad kwa za Xbox, hid-playstation kwa za Sony za PS4 na PS5, hid-nintendo kwa za Nintendo Switch. Hapo ndani ya /dev/input hutokea faili jipya, tuseme event7, ambalo programu hulifungua na kulisoma kama faili jingine lolote. Kila tukio lina muda, aina, msimbo na thamani. Bonyeza kitufe cha chini kati ya vile vinne vya kulia: aina ni EV_KEY, msimbo BTN_SOUTH, thamani 1. Kiachie, inakuja 0. Kijiti cha kushoto huleta EV_ABS, na kwenye padi ya Xbox ABS_X, msimbo wa mlalo, huanzia -32768 kushoto kabisa hadi 32767 kulia kabisa. Kila kundi la matukio hufungwa na SYN_REPORT. Usiposubiri alama hiyo, unaweza kuchukua mlalo mpya ukiwa bado na wima wa zamani.

Padi moja pia si lazima iwe faili moja. DualShock 4 huleta matatu: vitufe na vijiti, kibao cha kugusa, na sensa za mwendo.

Panapowasumbua wengi ni kwenye majina. Kitufe huitwa kwa mahali kilipo (SOUTH, kusini, ni cha chini), na kuna sababu: A ya Xbox iko chini, A ya Nintendo iko kulia. Ni utaratibu mzuri, ila una mtego wake. BTN_X ni jina la pili la BTN_NORTH, yaani kitufe cha juu, wakati X ya Xbox iko kushoto. Xpad hutuma BTN_X, kwa hiyo kitufe cha kushoto kinaripotiwa kuwa cha juu! Kukirekebisha leo ni kuvuruga gemu zilizokwisha kukizoea, jambo ambalo wasimamizi wa kerneli hulikwepa sana.

Ndiyo maana anayeandika gemu, kwa maoni yangu, hana haja ya kusoma evdev moja kwa moja. SDL, maktaba ya msimbo wa kutengenezea gemu, huitambua padi kwa kitambulisho chake, huangalia orodha yake ya ramani za vitufe, na kukupa mpangilio mmoja kwa padi zote.

Evdev yenyewe ijue kwa ajili ya kutafuta hitilafu. Endesha sudo evtest /dev/input/event7, amri inayoonyesha matukio yanavyoingia, uache padi mezani bila kuigusa. ABS_X ikiendelea kubadilika, mhusika wa gemu anayetembea mwenyewe si lazima awe kosa la hesabu za gemu yako. Kijiti kimechakaa, au hujaweka eneo la katikati la kupuuzwa.