Oili ya Injini: Soma Stiki, Usingoje Taa

Madereva wengi huamini kwamba maadamu taa nyekundu ya oili haijawaka kwenye deshibodi, oili inatosha. Sivyo. Katika magari mengi taa hiyo inahusu presha, si kiasi. Ikiwaka gari likitembea, huenda pampu imeshaanza kuvuta hewa na beringi za krankishafti, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, zinasagana kavu. Hapo ni kuegesha na kuzima injini papo hapo; anayejikongoja hadi gereji ataifikisha injini imenoki.

Kiasi husomwa kwenye stiki, kile kijiti cha chuma cha kupimia oili kilichochomekwa kwenye injini. Egesha mahali tambarare, zima injini ikiwa na moto, kisha subiri dakika 5 hadi 10 ili oili iliyo juu ishuke kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Yako magari yanayopimwa injini ikiwa baridi, kwa hiyo fungua kitabu cha gari lako kwanza. Chomoa stiki, ifute kwa kitambaa safi, irudishe mpaka ikite, uichomoe tena. Mara ya kwanza haihesabiki, kwani injini ikizunguka hurusha oili ndani ya bomba la stiki na kuipaka juu ya kiwango halisi. Ishike kwa ulalo; ukiielekeza juu, oili itatiririka kuelekea mkononi na kukudanganya. Tazama pande zote mbili, na zikitofautiana, amini ile inayoonyesha chini.

Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ya juu. Kwa magari mengi madogo, nafasi kati ya alama hizo ni kama lita 1. Kwa hiyo ikigusa alama ya chini, usimimine lita nzima kwa mkupuo: tia robo lita, ngoja dakika chache, pima, ongeza. Tumia gredi (kipimo cha uzito wa oili) iliyoandikwa kitabuni, kwa mfano 5W-30.

Kuzidisha nako kuna madhara, ingawa wengi huona ni akiba. Krankishafti huichapa oili iliyojaa mno mpaka ifanye povu, na povu halilainishi kitu. Presha hushuka, sili huanza kuvuja, na oili nyingine huvutwa na kuungua pamoja na mafuta. Ikizidi, inyonywe au ipunguzwe kupitia nati ya sampu.

Weusi peke yake si ugonjwa, hasa kwa dizeli. Rangi ya chai ya maziwa ndiyo ya kuogopa: maji ya rejeta huenda yanaingia, mara nyingi kwa gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Kiwango kikipanda bila wewe kuongeza, inusie stiki. Harufu ya petroli au dizeli maana yake mafuta yanachanganyika na oili.

Pima kila baada ya wiki mbili na kabla ya safari ndefu. Ikipungua haraka, angalia chini ya gari, kwenye filta na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Pakiwa pakavu, angalia ekzosi: moshi wa bluu huelekeza kwenye ringi za pistoni au sili za valvu.