Maoteo ya uchumi na kazi ya Lawrence Klein

Benki Kuu inapotangaza riba yake, wengi hapa Dar es Salaam tunaondoka na namba moja tu. Januari 2024 ilikuwa asilimia 5.5, Aprili ikapanda hadi 6. Nyuma ya namba hiyo kuna maoteo ya mfumuko wa bei na ukuaji wa Pato la Taifa. Maoteo si ramli. Ni kauli yenye sharti: ikiwa mafuta yatauzwa bei fulani katika soko la dunia, na mvua zikanyesha vya kutosha, basi bei za humu nchini zitakwenda hivi.

Aliyeifanya kazi hii iwe fani yenye misingi, kwa maoni yangu kuliko mchumi mwingine yeyote, ni Mmarekani Lawrence Klein, mzaliwa wa Omaha mwaka 1920. Mholanzi Jan Tinbergen alikuwa ameshaunda modeli ya uchumi wa nchi yake, yaani seti ya milinganyo ya hesabu inayouiga uchumi huo, mwaka 1936. Klein aliipanua njia hiyo, na mwaka 1955, akiwa na Arthur Goldberger, akatoa modeli ya uchumi wa Marekani yenye milinganyo takriban 20.

Mlinganyo mmoja hueleza tabia moja, na yote hukokotolewa kwa pamoja kwa sababu uchumi umefungamana. Tuseme EWURA, mamlaka inayopanga bei za mafuta nchini, imepandisha bei ya dizeli. Nauli ya kuleta nyanya kutoka Iringa hadi soko la Ilala inapanda. Mama lishe ananunua tenga moja badala ya mawili, mkulima anapata pungufu, na mabati aliyokusudia kununua yanasubiri msimu ujao. Muuza mabati naye anaumia. Kila hatua ni mlinganyo, na ukubwa wa kila athari hukisiwa kutokana na takwimu za miaka iliyopita. Takwimu zikiwa mbovu, hakuna hesabu itakayoziokoa.

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, wachumi wengi waliogopa kwamba Marekani ingerudi kwenye mdororo wa miaka ya 1930. Klein alipinga: watu walikuwa na akiba, na kwa miaka mingi walikuwa wamekosa bidhaa za kununua. Uchumi ulikua. Baadaye, kupitia mradi wa LINK ulioanza 1968, aliunganisha modeli za nchi mbalimbali kwa njia ya biashara baina yao. Mwaka 1980 akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Pigo kubwa kwa modeli za aina hii lilitoka kwa mchumi Mmarekani Robert Lucas mwaka 1976. Alisema watu hubadili tabia sera inapobadilika, hivyo makisio ya jana yanaweza yasifae kesho. Alikuwa na hoja, na modeli nyingi za benki kuu leo huingiza matarajio ya watu ndani ya milinganyo. Hata hivyo, Klein aliziandika dhana zake wazi, mlinganyo kwa mlinganyo, na ndiyo maana mpinzani wake aliweza kuonyesha hasa mahali penye udhaifu.