Uchovu sugu wa kazi: maana yake, chanzo chake, na lini uache kazi

Uchovu sugu wa kazi ni hali inayompata mtu aliyekaa muda mrefu chini ya shinikizo la kazi bila shinikizo hilo kupunguzwa. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika 2022, linaueleza kwa mambo matatu yanayokwenda pamoja: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi hadi kuidharau, na kuona kwamba unachofanya hakina tija. Shirika hilo linasema wazi kwamba huu si ugonjwa, bali ni hali inayozaliwa kazini. Ndiyo maana kumtibu mfanyakazi peke yake, huku kazi ikibaki vile vile, hakufiki mbali.

Aliyeanza kuiandika hali hii kitaalamu ni Herbert Freudenberger, mwaka 1974, akiwatazama watu waliojitolea katika kliniki ya bure jijini New York. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wale waliojituma kuliko wote, na mpaka leo hao ndio wanaoanguka kwanza.

Mtazame afisa wa shirika la mikopo midogo pale Bungoma. Ana vikundi 30. Asubuhi yuko Kanduyi, mchana Chwele, jioni anarudi ofisini kuingiza marejesho kwenye mfumo. Saa moja usiku meneja anauliza kwenye WhatsApp nani hajalipa, na saa tatu anauliza tena. Mwanzoni afisa huyu huchoka mwili tu. Akilala Jumapili, Jumatatu yuko sawa. Baadaye usingizi wenyewe unaacha kusaidia. Kisha lugha yake inabadilika: wateja aliokuwa akiwajua kwa majina anawaita "hawa watu", na mama aliyefiwa anapoomba wiki moja ya nafuu, anamjibu kwa ukali kisha hajali. Mwisho anaanza kukosea mambo madogo aliyoyafanya miaka yote, kama kumwandikia mteja mmoja malipo ya mwingine, na kila kosa linamthibitishia kwamba hafai. Mtu aliyechoka tu hana hiyo hatua ya pili na ya tatu. Hilo ndilo la kuangalia.

Kinachosababisha si wingi wa kazi peke yake. Christina Maslach, mwanasaikolojia aliyetunga kipimo cha hali hii kilichochapishwa 1981, pamoja na mwenzake Michael Leiter, wanataja sehemu sita ambapo mtu na kazi hukosana: mzigo, uwezo wa kujiamulia, malipo na kutambuliwa, uhusiano na wenzako, haki, na maadili. Inafaa ukae chini ujue yako ni ipi, kwa sababu kila moja ina dawa yake.

Muuguzi wa wodi ya Kisumu anayeshika wagonjwa wa wauguzi wawili ana tatizo la mzigo. Akiongezewa mtu wa zamu, anapona akiwa pale pale. Karani wa benki Nakuru anayepewa tageti ya kufungua akaunti huku hana ruhusa hata ya kuamua atoke ofisini saa ngapi kutafuta wateja, tatizo lake ni kukosa usemi. Likizo haitamsaidia sana, ila mabadiliko madogo ya utaratibu yanaweza kumsaidia. Aliyerukwa kwenye vyeo mara mbili kwa sababu si wa ukoo wa fulani ana tatizo la haki, na hili mapumziko hayaligusi kabisa. Na anayelazimishwa kuuza kitu anachojua kitamuumiza mnunuzi ana tatizo la maadili. Kwa maoni yetu hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, kwa kuwa hakuna ratiba nzuri inayoweza kulirekebisha. Mzigo na usemi hujadilika. Haki hujadilika mara chache. Maadili karibu hayajadiliki.

Kabla ya kuilaumu kazi, pima damu. Huku kwetu magharibi mwa Kenya mtu akisikia uchovu, kichwa kuuma na viungo kulegea, anaingia duka la dawa anatoka na dawa za malaria, mwezi unaofuata anaambiwa ni taifodi, na unaofuata tena taifodi. Ikiwa umetibiwa hivyo mara kadhaa bila kipimo kinachoeleweka, nenda hospitali uombe kupimwa wingi wa damu, sukari, shinikizo la damu na tezi ya shingo. Upungufu wa damu na tezi iliyolegea huleta uchovu unaofanana sana na huu.

Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, nayo hufanana nao, na mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Njia ya haraka ya kutofautisha ni kuangalia ukiwa mbali na kazi. Aliyechoshwa na kazi bado hucheka na watoto, bado hufurahia mpira wa Jumamosi, mpaka Jumapili jioni tumbo linapoanza kumkaza. Mwenye sonona ladha imemtoka kila mahali. Ukiona ni hivyo kwa wiki mbili mfululizo, au mawazo ya kujiumiza yakianza kukujia, uamuzi wa kazi usubiri. Nenda kwanza kwenye kitengo cha afya ya akili: Kisumu kiko hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, Eldoret kiko hospitali ya Moi. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, pia hutoa msaada wa kisaikolojia.

Kabla ya barua

Kosa linalojirudia ni kuandika barua ya kuacha kazi wiki ile mbaya kuliko zote. Kichwa kilichochoka huona njia mbili tu, kuvumilia au kutoroka. Kwa hiyo tafuta kwanza siku za kupumua, na sheria inakupa.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12, na siku moja ya kupumzika katika kila saba. Likizo hiyo ikigawanywa, sehemu moja inapaswa kuwa angalau wiki mbili za kazi mfululizo. Wengi huitumia siku mbili huku, tatu kule, kwa matanga na mikutano ya shule, kisha hushangaa mbona hawapumziki. Ukiugua, baada ya miezi miwili ya utumishi una haki ya angalau siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 zaidi kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi ulete cheti cha daktari. Mikataba mingi hutoa zaidi ya hapo, kwa hiyo soma wako.

Chukua wiki mbili mfululizo, na ujiondoe kwenye kundi la WhatsApp la kazi au ulinyamazishe. Usizijaze na ujenzi wa nyumba kijijini. Wiki ya kwanza huwa ya kulala tu. Ya pili ndiyo mawazo hurudi mahali pake. Ukirudi kazini, jiangalie mwisho wa wiki ya kwanza. Ikiwa nguvu bado ipo, tatizo kubwa lilikuwa mzigo na unaweza kulipanga. Ikiwa kufikia Jumatano umerudi pale pale, tatizo liko katika zile sehemu nyingine tano, na likizo nyingine ya namna hiyo itakuwa kupoteza siku.

Kisha zungumza na bosi, lakini usiende na neno "nimechoka". Kila mtu ofisini amechoka, naye pia. Nenda na hesabu na ombi moja linaloweza kukubaliwa au kukataliwa, ulipeleke kwa maandishi baada ya mazungumzo. Kwa yule afisa wa Bungoma lingekuwa hivi: "Tangu Machi nahudumia vikundi 30, kwa sababu aliyekuwa Chwele hajapata wa kumrithi. Naomba vikundi 10 vipewe mwenzangu hadi Septemba, au tageti yangu ya mikopo mipya ishushwe kwa kipindi hicho. Tuangalie matokeo baada ya wiki 6." Jibu lolote utakalopata ni taarifa. Likiwa "tutaona" na wiki sita zikapita kimya, umeshajibiwa.

Watumishi wa kaunti na walimu wana mlango mwingine: uhamisho au likizo bila malipo. Si ya haraka, lakini cheo na pensheni hubaki.

Hesabu

Hapa ndipo uamuzi wa wengi huvunjika. Tuchukue mtu wa Kisumu anayepata shilingi 68,000 mkononi. Kodi 15,000, chakula na gesi 14,000, nauli 5,000, karo kwa wastani wa mwezi 9,000, mkopo wa Sacco 13,500, mama nyumbani 4,000, umeme na maji na simu 4,500. Jumla 65,000, anabaki na 3,000. Akiacha kazi, nauli inashuka hadi 2,000, kwa hiyo anahitaji 62,000 kila mwezi. Benki ana 120,000. Hafiki miezi miwili.

Atasema, nina 310,000 za akiba kwenye Sacco. Ndiyo, lakini anadaiwa 270,000. Akijitoa uanachama, deni linakatwa kwenye akiba, anabaki na 40,000. Sasa ana 160,000, na kwa kuwa mkopo umeisha matumizi ni 48,500 kwa mwezi. Hiyo ni miezi mitatu na kidogo. Mambo mawili humvuruga hapa. Sacco nyingi hutaka notisi ya kujitoa, mara nyingi siku 60, kwa hiyo fedha hizo si za mwezi wa kwanza. Na ikiwa amewadhamini wenzake, akiba yake imefungwa mpaka wapate wadhamini wengine. Aende ofisi ya Sacco leo aulize amemdhamini nani na kwa kiasi gani. Watu husahau saini walizoweka miaka minne iliyopita.

Bima iliyoko kwenye mkopo wa benki nayo isomwe vizuri. Kwa kawaida hulipa kwa kifo au ulemavu, wakati mwingine kwa kupunguzwa kazini. Kuacha kwa hiari huwa haimo. Na SHA, bima ya afya ya serikali, ambayo kwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kila mwezi, ukitoka unahamia kundi la wasio na mshahara, ambako mchango hupangwa kulingana na hali ya kaya na hutakiwa wa mwaka mzima. Kama una mgonjwa nyumbani, panga hilo kabla ya siku ya mwisho.

Kwa asiye na kazi nyingine mkononi, tunashauri akiba ya miezi sita. Mfano wetu anahitaji 291,000. Amepungukiwa na 131,000, na kwa 3,000 za mwezi atazipata baada ya zaidi ya miaka mitatu. Kwa hiyo jibu lake si "vumilia" wala "ondoka kesho". Ni kupunguza anachokitoa kazini hadi kile kilichoandikwa kwenye mkataba, simu ya kazi izimwe saa mbili usiku, na nguvu inayookolewa iende kwenye kutafuta kazi nyingine jioni tatu kwa wiki. Wapo watakaoona hilo ni kumwibia mwajiri. Mkataba hauoni hivyo.

Kuna hali ambazo hesabu hii haipaswi kumzuia mtu: daktari amesema afya inaharibika, unashurutishwa kuvunja sheria au kusaini usichokifanya, au unanyanyaswa kimwili au kingono. Hapo ondoka kwanza, fedha baadaye.

Kutoka

Anayelipwa kwa mwezi hutoa notisi ya maandishi ya angalau siku 28, au zaidi mkataba ukisema hivyo. Ukitaka kutoka mara moja, unaweza kumlipa mwajiri mshahara wa muda huo. Ukitoweka bila notisi, utadaiwa. Aliye kwenye majaribio anahitaji siku 7 tu. Barua iwe fupi: tarehe, cheo, siku ya mwisho, na ombi la siku za likizo zilizobaki na cheti cha utumishi, ambacho mwajiri analazimika kukutolea.

Usitegemee malipo ya utumishi, yaani yale ya kila mwaka uliomfanyia mwajiri kazi, hata kama umekaa miaka kumi. Sheria inawatenga wanaochangia NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, au mfuko wa pensheni, yaani karibu kila aliyeajiriwa rasmi, na wengi hulijua hilo siku ya kuchukua hundi. Na ikiwa ukweli ni kwamba umesukumwa nje, kwa kushushwa cheo bila sababu au kukatwa mshahara, usiandike barua ya shukrani. Eleza sababu kwenye barua yenyewe, hifadhi ujumbe na pesilipu, umwone afisa wa kazi au wakili kabla ya kusaini chochote. Mahakama ya ajira, ambayo ina vituo Kisumu na Nakuru, inatambua kwamba kujiuzulu kwa kulazimishwa ni sawa na kufutwa. Karatasi uliyosaini ukisema huna dai lolote hufanya kesi hiyo kuwa ngumu sana.

Ukishatoka, usitarajie kuamka mzima wiki ya pili. Kwa wengi umakini na hamu huchukua miezi kurudi, na anayeingia moja kwa moja kwenye tageti nyingine huanza akiwa tayari amepungua. Kwenye usaili wa kazi mpya uliza maswali mawili: aliyekuwa kwenye nafasi hii alikaa muda gani, na likizo yake ya mwisho aliichukua lini.