Oman si Maskati peke yake: wapi pa kukaa ukienda kwa miezi

"Oman nchi ndogo ile. Tunapanga nyumba Maskati miezi mitatu, kwingine tutakuwa tunakwenda asubuhi na kurudi jioni." Ujumbe wa namna hii huniingilia kila majira ya baridi ya huko yanapokaribia. Safari hii umetoka kwa watu ambao kodi wameshalipa. Basi naandika mara moja, na watakaofuata nitawatumia kiungo hiki.

Tuanze na huo udogo. Oman ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 309,000. Uganda nzima inaingia humo na nafasi inabaki. Kutoka Maskati hadi Salalah, mji wa kusini, ni kama kilomita 1,000, mbali kuliko Dar es Salaam hadi Mbeya, na kwa basi ni mwendo wa kama saa 12. Asubuhi na jioni gani hiyo? Watu huitazama Oman kwenye ramani ikiwa imebanwa ubavuni mwa Saudia, wakaiona kipande. Nani hawi kipande ubavuni mwa Saudia?

Umbali lakini una dawa, kuna ndege. Kinachonichosha ni kwamba watu huchagua mahali pa kukaa kwa kuangalia mahali wanapotaka kwenda. Kazi yangu ni kuwapangia watu wa mwambao makazi ya muda mrefu Oman: wastaafu, wanaofanya kazi zao kwa kompyuta, wanaofuata nyayo za babu. Wote huja na orodha ya ngome, mabonde na fukwe, wanachora duara, wanachoma sindano katikati. Haya, tuhesabu. Ukikaa siku 90, siku za kutembea hasa zitakuwa chache, maana mwili unachoka na mfuko unachoka kabla yake. Zilizobaki zote ni za kufua, kupika, kumpigia mtoto simu, kulala mchana. Kituo, yaani mahali pa kukaa, huchaguliwa kwa ajili ya siku hizo. Mimi huwa nauliza hivi: ni Jumanne, huna pa kwenda, saa kumi na moja jioni, jua limelegea. Ukifungua mlango unakwenda wapi kwa miguu? Kama jibu ni maegesho ya magari, nyumba hiyo haikufai, hata ikiwa na bwawa la kuogelea juu ya paa.

Viza siingii humo, sheria hubadilika. Tazama tovuti ya Polisi ya Kifalme ya Oman kabla ya kumlipa mwenye nyumba, kwa sababu siku utakazopewa ndizo utakazozigawa. Kuhusu fedha nasema moja tu: rial imefungwa kwa dola, na tangu 1986 rial moja ni kama dola 2.6. Aliyezoea kuhesabu kwa maelfu ya shilingi huona baisa 500, yaani nusu rial, kama bure, kumbe ni zaidi ya dola moja.

Sasa Maskati yenyewe.

Mtu akiniambia "nimepata nyumba Maskati", hajaniambia kitu. Maskati ni utepe uliobanwa baina ya milima na bahari; kutoka Mutrah hadi Seeb ni kilomita zinazokaribia 50, na katikati ya utepe huo imepita barabara kuu ya Sultan Qaboos yenye magari yasiyokwisha. Watu wa kwetu hawaifikirii barabara hiyo mpaka waione. Duka liko ng'ambo, unaliona, kibao chake unakisoma, na kulifikia lazima upande teksi ikageuze huko mbele. Kisha dalali anakusifia mtaa wa Ghubra au Azaiba kwa neno moja: katikati. Ni kweli ni katikati. Maana yake uko mbali na kila kitu kwa kipimo kilekile, na kila kitu ni cha kupandia gari. Majengo ni mapya, viyoyozi vizuri, lifti inafanya kazi, na wiki ya pili mtu ananipigia simu kwamba Oman imepoa, hakuna watu. Watu wapo, baba. Uliwapita kwenye barabara kuu kwa kasi ya kilomita 120.

Kwa asiye na gari naona sehemu tatu tu. Mutrah, kama huogopi ngazi wala kelele: kuna soko, kuna samaki wa asubuhi, kuna barabara ya ufukweni ya kutembelea jioni. Ubaya wake ni nyumba kuukuu, na siku za baridi meli za watalii zikitia nanga huwezi hata kusogeza bega sokoni. Ya pili ni Ruwi. Hakuna anayekupendekezea Ruwi kwa sababu haipendezi pichani. Ni mtaa wa Wahindi, Wapakistani na Wabangladeshi wachapa kazi, chapati na chai ya maziwa hadi usiku, fundi cherehani, fundi simu, na mabasi mekundu ya Mwasalat yanayokwenda na barabara kuu hadi Mabela. Mama mmoja wa Mombasa nilimweka Ruwi akanuna siku tatu, halafu akakataa kuhama. Ya tatu ni Seeb, mji wa wavuvi wenye soko lake na bahari yake, karibu na uwanja wa ndege, ambao watu huupita mbio kuelekea "mjini". Qurum na Shatti pazuri, pana ufukwe na jumba la opera la 2011, lakini huko kutembea kwa miguu ni mazoezi. Ukitaka vitunguu utapanda gari. Al Mouj kwa wenye fedha, na wao hawanihitaji.

Jambo moja ambalo vitabu vya watalii havilijui kwa sababu havikuandikiwa sisi: jamaa. Sayyid Said alihamishia makao yake Unguja katika karne ya 19, koo zikagawanyika huku na kule, na wengi walirudi Oman baada ya mapinduzi ya 1964, hasa tangu Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 na kuwafungulia mlango. Kwa hiyo nusu ya wateja wangu wana shangazi Maskati, au binamu Ibra, au mtu tu anayesema "sisi ni wamoja" na huenda kweli. Kiswahili utakisikia dukani, benki, hospitali. Basi mpango unakuwa: tutakaa kwa shangazi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sasa shida ya Oman ni kwamba hilo jembe hupewi. Siku ya 40 bado wewe ni mgeni. Huruhusiwi kupika, huruhusiwi kulipa, huruhusiwi kutembea juani, ukisema unakwenda dukani kijana mmoja anaacha kazi yake akupeleke. Asubuhi kahawa na halua, mchana sinia la wali, jioni majlisi nyingine ya jamaa wengine, kahawa na halua. Ni mapenzi matupu, nami sina la kuwalaumu. Ila siku hiyo ya Jumanne niliyoisema inakuwa si yako, na miezi mitatu ya siku zisizokuwa zako inamchosha mgeni na mwenyeji. Ushauri wangu wa kila siku: panga nyumba yako dakika kumi kutoka kwa shangazi. Mwambie unafanya kazi usiku, usingizi wako mbaya, sema lolote. Atanuna wiki moja.

Hata hivyo ushauri huu nao nauonea wasiwasi. Kuna bibi mmoja wa Unguja nilimweleza yote hayo kwa ufasaha kabisa, akanisikiliza mpaka nikamaliza, akasema: "Mwanangu, mimi siendi kutazama ngome. Nakwenda kutazama watu." Nikajibu, "Sawa, bibi," nikafunga daftari. Kwa mtu kama yeye, sebule ya nduguye ndiyo safari yenyewe. Mpaka leo sijui mpaka uko wapi baina ya mteja wa aina hii na yule anayedhani ni wa aina hii.

Majira. Novemba hadi Machi, mwambao wa kaskazini na bara lake vinakalika. Kuanzia Mei mpaka Septemba usinipigie simu kuhusu Maskati. Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani hapo jirani, ulipitisha siku nzima, usiku na mchana, joto lisishuke chini ya nyuzi 42.6. Hicho ndicho kiwango cha chini cha siku hiyo! Jueni pia kwamba miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye baridi, msimu uleule wa wageni: mchana migahawa imefungwa, usiku mji unaamka. Kwa Muislamu wa kwetu hiyo ni neema, mradi nyumba iwe karibu na msikiti wa kuswalia tarawehe kwa miguu. Na hata miezi ya kawaida, maduka mengi hufunga tangu saa saba mchana hadi saa kumi hivi. Mnaokwenda na watoto lizingatieni hilo kabla ya kuniuliza mbona mji umekufa.

Kituo cha pili, kwa wengi, ni Nizwa. Ni kama kilomita 160 tu kutoka Maskati, barabara kubwa, ndiyo maana watu hudai wataizuru kwa siku moja. Lakini angalieni ile orodha yenu: ngome za Bahla na Jabrin, mji wa Al Hamra, kijiji cha Misfat al Abriyin, milima ya Jebel Shams na Jebel Akhdar. Vyote hivyo viko uani kwa Nizwa. Mnataka kurudi Maskati kulala mara sita kwa sababu gani? Kaeni Nizwa. Mnada wa mbuzi ni Ijumaa alfajiri, na atokaye Maskati akijikokota hukuta kamba tupu. Mashamba ya mitende yamo ndani ya mji, mfereji wa Falaj Daris, mmoja wa ile mitano iliyoingizwa urithi wa dunia 2006, unapita hapo, na jioni watu hutia miguu majini. Ngome ni ya karne ya 17, ya Imamu Sultan bin Saif, yule aliyemtoa Mreno Maskati 1650; ukoo wake ndio uliokuja kuiteka Fort Jesus ya Mombasa 1698, kwa hiyo mtu wa Mombasa ana haki ya kuingia akiwa na maneno. Jebel Akhdar polisi hawakuruhusu kupanda bila gari la magurudumu manne yanayovuta yote, wapo kizuizini hapo chini, msibishane nao.

Lakini Nizwa usiku ni kimya. Nimepeleka watu wakaniomba waongezewe mwezi, nimepeleka wengine wakakimbia baada ya siku tano, na nilipowatazama kabla ya safari nisingeweza kuwatenganisha. Siku hizi nawaambia walipie wiki mbili kwanza, hata kama mwezi ungekuwa nafuu.

Sur nitaigusa kidogo tu, ingawa naipenda. Ni mwendo wa saa mbili kutoka Maskati kwa njia ya pwani. Majahazi ya Sur ndiyo yaliyokuwa yakija kwetu na kaskazi na kurudi na kusi, na karakana ya majahazi ipo mpaka leo. Kasa wa Ras al-Jinz hutaga karibu. Mtu wa Lamu atakaa Sur bila kufundishwa. Wa bara atauliza kuna nini cha kufanya, naye nampeleka kwingine. Ibra, walikotoka Waharthi wengi waliokuja Unguja, nenda Jumatano kwa soko la wanawake, urudi.

Halafu Salalah na huo msimu wao wa kharif. Kuanzia Juni mwishoni mpaka Septemba, pepo za kusi huleta manyunyu na ukungu, milima ya Dhofar inageuka kijani, na Ghuba nzima inahamia huko na magari yake kutazama mvua. Kodi za nyumba hupaa. Sasa wewe umetoka Bukoba, au Limuru, au Tanga wakati wa masika, unalipa maradufu ukaone ukungu na majani? Miongozo iliandikiwa watu wa Riyadh na Dubai. Sisi Salalah yetu ni Novemba mpaka Machi: bahari imetulia (wakati wa kharif ina mawimbi ya kuua), nyumba zinashuka bei, ubani uko sokoni, na vibanda vya njiani vinauza madafu, ndizi na mapapai, jambo litakalokufurahisha zaidi ya ngome zote baada ya miezi miwili ya tende. Ila yule anayelazimika kuwa Oman mwezi wa Julai, huyo aende Salalah na avumilie bei.

Lililobaki ni gari, nalo sijalimaliza. Mutrah na Ruwi gari ni mzigo, huna pa kuliweka. Nizwa bila gari umefungwa mguu. Kukodi kwa miezi yote mfululizo bei ya siku hushuka sana, hata jumla yake wakati mwingine inakaribiana na ya kukodi kwa wiki kadhaa tu, na hapo hesabu yangu nzuri ya "gari Nizwa, miguu Maskati" inavurugika. Wenye mzee au mtoto mchanga nawaambia wakodi muda wote. Wengine nawaachia wachague, na nusu yao hurudi wakisema walipaswa kufanya kinyume.