Skwea za Cambridge na Somerville: dhana potofu na ukweli

Ukivuka Mto Charles kutoka Boston unaingia Cambridge, na ukisogea kaskazini kidogo tu umeshafika Somerville. Miji hii jirani ya jimbo la Massachusetts, Marekani, haina kitovu kimoja. Shughuli zake zimegawanyika kwenye skwea: makutano ya barabara yenye maduka, migahawa na kituo cha basi au treni, huku nyumba za watu zikianzia mtaa wa nyuma yake. Asitarajie mtu kukuta uwanja mpana wenye pembe nne. Nyingi ni njiapanda zilizopinda tu. Wenyeji hupenda kuzishindanisha, na hapo ndipo dhana potofu zinapozaliwa.

Dhana: Skwea yenye jina kubwa ndiyo muhimu zaidi

Kwa hesabu hii Harvard Square hushinda hata kabla ya mjadala kuanza. Imepakana na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1636, na wageni wa dunia nzima hupiga picha hapo.

Lakini sifa ni kitu kimoja, na manufaa kwa mkazi ni kitu kingine. Kipimo cha haki, kwa maoni yangu, ni shughuli ngapi mtu anaweza kuzimaliza kwa miguu kabla ya kurudi nyumbani. Kwa kipimo hicho Central Square inabeba mzigo mzito, ingawa watalii huipita tu: makao makuu ya manispaa ya Cambridge yako hapo, posta ipo, mabasi na treni hukutana hapo.

Kendall Square, nayo ya Cambridge, ni funzo lenyewe. Miaka ya 1960 viwanda vilibomolewa kupisha kituo cha utafiti wa elektroniki cha NASA, shirika la anga la Marekani. Kituo kikafungwa mwaka 1970, na sehemu kubwa ya ardhi ikakaa tupu kwa miaka. Leo makampuni ya bioteknolojia yamejaa na ajira ni nyingi mno. Hata hivyo, kwa muda mrefu wafanyakazi walipoondoka jioni mitaa ilibaki kimya, kwa sababu ofisi zilitangulia na makazi na maduka yakafuata nyuma.

Dhana: Treni ndiyo inayozaa skwea

Hili nalipinga kwa nguvu. Treni ya Red Line, mojawapo ya njia za treni za chini ya ardhi za Boston, ilifika Harvard mwaka 1912, ikaikuta skwea ina karne kadhaa. Kule Davis Square, Somerville, ukumbi wa maonyesho wa Somerville Theatre ulifunguliwa mwaka 1914. Treni ikaja mwaka 1984, miaka 70 baadaye. Tena haikuja yenyewe: mpango wa awali ungeipita Davis kando, na ni shinikizo la wakazi na viongozi wa mji lililoivuta. Ukishuka kituoni utaona ukutani vigae vilivyochorwa na watoto, na kwenye matofali ya sakafu ya jukwaa mistari ya mashairi. Juu ya handaki la treni, kuelekea kituo cha Alewife, pamewekwa njia ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Union Square, pia ya Somerville, ilisubiri hadi Machi 2022 kupata kituo chake cha Green Line, njia nyingine ya treni za Boston, na Inman Square haina treni mpaka leo, lakini zote zimechangamka miaka yote. Treni inachobadilisha haraka ni kodi ya pango. Davis kodi iliwapandia wapangaji wengi, na wa Union wakaingiwa na hofu hiyo hiyo hata kabla ya reli kukamilika.

Dhana: Kila skwea ni ya mji mmoja

Kwenye ramani, ndiyo. Somerville ina watu kama 81,000 waliobanana kwenye takriban kilomita za mraba 11, na Cambridge ina kama 118,000 kwenye eneo kubwa zaidi, kwa hiyo mpaka unapita katikati ya mitaa iliyojaa watu. Porter na Inman ziko Cambridge, ila ukitembea dakika chache uko Somerville, na wateja wa maduka yake hutoka pande zote mbili. Kodi ya majengo ya maduka hayo huingia Cambridge peke yake. Kwa hiyo anayelinganisha miji hii kwa mapato ya manispaa atapata jibu moja, na anayehesabu mahali watu wa Somerville wanapofanyia manunuzi yao atapata jingine kabisa.