Malipo ya tumbaku yakiingia: kazi, fedha na unyumba ndani ya ndoa

Malipo ya tumbaku yanapoanza kuingia benki, malalamiko ya wanandoa nayo huanza kuingia ofisi za ustawi wa jamii. Kwa kaya nyingi za Urambo, Kaliua na Sikonge, mkoani Tabora, ugomvi huo ulianza mapema zaidi, tangu kitaluni.

Hesabuni kazi kwanza. Kuchuma, kufunga majani kwenye fito, kupakia bani (banda la kukaushia tumbaku), kuchochea moto usiku na mchana kwa takriban wiki moja, kisha kupanga majani kwa madaraja ya ubora: kote humo mke yumo. Wengi hupeana zamu za moto, na ni jambo zuri. Tatizo ni kwamba mume akimaliza zamu analala, mke akimaliza yake anakwenda kuteka maji, kupika na kuogesha watoto. Ndiyo maana shauri lililoandikishwa kuwa "ananinyima unyumba", likichimbuliwa, mara nyingi hukutwa ni mwili uliochoka. Hakuna baraza la usuluhishi linaloweza kuamuru mtu apende. Linachoweza ni kuuliza nani anaamka saa ngapi na nani analala saa ngapi, swali ambalo mnaweza kuulizana nyumbani. Aliyekesha na moto asipike asubuhi, awe mume au mke. Maji na kuni abebe mwenye baiskeli. Pole ya kazi, na jioni moja moja ya kukaa pamoja bila kutaja deni la pembejeo, ni stahili ya wote wawili.

Kuhusu fedha: mkopo wa pembejeo hukatwa kwanza, hivyo kinachofika kwenye akaunti ni pungufu ya kilichotajwa sokoni. Mke asiyeonyeshwa karatasi ya malipo huhesabu kilo alizoziona kwenye mzani na kuamini ameibiwa. Mwonyeshe. Kabla ya kununua pikipiki, tengeni chakula cha kufika mavuno yajayo, mahitaji ya shule na matibabu. Kinachobaki, kila mmoja apate kiasi asichoulizwa.

Tuseme wazi, maana kauli ya "akaunti ni yangu na mahari nililipa" imezidi: akaunti kuwa na jina la mume hakufuti jasho la mke, na mahari haikununua kibarua. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inamtaka mume ampe mkewe makazi, mavazi na chakula kulingana na uwezo wake. Kifungu cha 59 kinakataza kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, ikipima mchango wa fedha, mali au kazi. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani ni mchango. Wengi huishia hapo. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa kuwa ilionekana alitapanya fedha alizopewa kwa mradi wa familia. Kwa hiyo "nusu kwa nusu" haiji yenyewe. Andikeni kazi na matumizi.

Mkishindwana, wazee wa pande zote mbili wasikilizwe kwanza. Wasipofanikiwa, nendeni baraza la usuluhishi la ndoa, likiwemo baraza la kata. Wote wawili huitwa na kusikilizwa. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati, na ombi la talaka hufunguliwa mahakamani ndani ya miezi 6 tangu hati hiyo itolewe. Ukichelewa, unarudi barazani. Zipo hali zinazoruhusu kulipita baraza, mfano mwenzi aliyekutelekeza na hajulikani aliko. Kumbukeni pia: ndoa isiyotimiza miaka 2 haifunguliwi ombi la talaka bila kibali cha mahakama.

Kipigo hakisubiri utaratibu huo. Kifungu cha 66 cha Sheria hiyo ya Ndoa hakimpi mwanandoa yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga, na shambulio la kudhuru mwili lina adhabu ya hadi miaka 5 jela. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, chukua PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), utibiwe siku hiyo hiyo. Baraza litafuata baadaye.