Dogo wa stendi na swali la "mzazi wako yuko wapi?"

Ilikuwa saa nne usiku hivi, simu inaita, kuangalia ni mama mmoja anauza wali maharage pale stendi, huwa ananipigia kukiwa na ishu ya watoto. Ananiambia "afisa njoo bwana, huku hospitali mapokezi wanatuzungusha". Kufika namkuta kwenye benchi na dogo wa miaka kumi na mbili hivi, mguu umefungwa khanga na khanga yenyewe imeshalowa usaha. Dogo alikanyaga bati akiokota skrepa, hiyo ni siku ya sita, akajifunga kipande cha nailoni akaendelea na mizunguko yake mpaka homa ikamlaza chini ya meza ya huyu mama. Bodaboda kalipa mama. Sasa dirishani wanaulizwa jina la mzazi, namba ya simu ya mzazi, bima iko wapi, dogo kimya, mama naye akaulizwa wewe ni nani yake, akajibu ukweli wake "mi si ndugu yake, namuuziaga tu chakula". Basi mazungumzo yakaishia hapo, kaeni pale msubiri.

Hospitali siitaji na wala sina ugomvi na yule dada wa mapokezi, yeye anajaza fomu aliyopewa na fomu imeandikwa kwa ajili ya mtoto aliyekuja na mama yake. Nimeanza na hiki kisa kwa sababu miaka yote niliyokaa kwenye hii kazi ya ustawi wa jamii halmashauri swali ninaloulizwa sana ni "kwa nini serikali haitungi sheria kwa hawa watoto", wakati sheria ipo, tena ina meno. Shida ni kwamba kila haki ya mtoto hapa kwetu mlangoni pake kuna nafasi ya mtu mzima kusaini, iwe matibabu, shule, cheti cha kuzaliwa, hata kwenda tu polisi kusema nimepigwa. Mtoto mwenye mtu wa kusaini wala hajui kama huo mlango upo. Huyu wa stendi anaujua vizuri sana.

Kwanza tuelewane tunamzungumzia nani maana mtaani wote wanaitwa chokoraa, jina ambalo mi naomba tuliache. Kiofisi tunasema watoto wanaoishi na kufanya kazi mitaani, refu kidogo ila linabeba watu tofauti. Kuna anayeokota makopo mchana kutwa na jioni anarudi kwao na elfu mbili ya unga. Kuna anayelala palepale, barazani mwa maduka, juu ya maboksi, na hao wana maskani yao na kaka yao mkubwa anayewalinda na kuwanyang'anya hela kwa wakati mmoja. Kuna waliozaliwa hapohapo mtaani, mama mwenyewe alikuja akiwa mtoto. Wasichana utawaona wachache mchana na watu wanadhani basi hawapo, wapo, ila msichana akishuka kwenye basi peke yake hamalizi siku mbili kabla mtu hajamchukua, mwingine kwenda kufanya kazi za ndani bila mshahara, mwingine kwa mambo mabaya zaidi ya hayo. Ndo maana sisi tukipita usiku tunawaangalia kwanza wale ambao hawaonekani.

Na wanatokaje nyumbani? Watu wanajibu haraka haraka umaskini. Umaskini upo, ila nyumba maskini ziko nyingi na watoto wengi hawatoki. Ukikaa na hawa watoto wakakuzoea wanachosimulia mara nyingi ni kipigo. Baba wa kambo, mama mdogo, mjomba aliyebaki na shamba baada ya msiba, mwalimu na fimbo, hela ya mchango ikapotea akaogopa kurudi. Halafu kuna rafiki aliyewahi kutoka akarudi kijijini na raba mpya anasema mjini kuna hela. Kutoka ni siku moja tu, anadandia lori la mahindi. Kurudi ndo inachukua miaka.

Sasa sheria. Tanzania Bara tuna Sheria ya Mtoto Namba 21 ya mwaka 2009, Zanzibar wana ya kwao Namba 6 ya 2011. Mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, haijasema aliye chini ya miaka 18 na ana kwao. Kifungu cha 16 cha hiyo ya Bara kinataja watoto wanaohitaji matunzo na ulinzi, na humo ndani yupo yatima au aliyetelekezwa na ndugu, yupo anayezurura bila makazi ya kudumu, yupo anayeomba omba. Soma tena hapo. Mtoto kuomba omba, sheria imeliweka jambo hilo kwenye sababu za kumlinda, haikuliweka kwenye makosa yake. Kifungu cha 94 kinaipa halmashauri jukumu la kulinda ustawi wa watoto wa eneo lake, yaani sisi, na hapo mna haki ya kutubana. Na kifungu cha 95 kinamgusa msomaji mwenyewe, mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa ana WAJIBU wa kutoa taarifa serikali za mitaa. Wengi wanadhani kutoa taarifa ni umbea, kumbe kukaa kimya ndo kwenda kinyume na sheria.

Ila tunajua kinachotokea. Kuna mgeni mkubwa anakuja mjini au kuna sherehe ya kitaifa, wiki moja kabla mgambo wanapita na gari usiku, watoto wanabebwa, wanalala mahabusu na watu wazima au wanaenda kumwagwa pembeni ya mji, mgeni akiondoka nao wamesharudi na safari hii wakiona mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni wanakimbia, nami nikiwemo. Sababu wanayopewa ni uzururaji, ambao umo kwenye Kanuni ya Adhabu toka enzi za mkoloni. Sasa kuna jambo watu wengi hawalijui, tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa maoni ya kisheria ikasema sheria za uzururaji za namna hiyo haziendani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu, wala ule wa haki na ustawi wa mtoto. Na hiyo mahakama haiko mbali, iko Arusha, mji ambao ukienda stendi alfajiri utawakuta watoto wamejikunja pembeni ya vibanda. Mkataba huo wa mtoto wa Afrika sisi tuliuridhia 2003, ule wa Umoja wa Mataifa tuliridhia 1991, na mwaka 2017 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za mtoto ilitoa mwongozo mzima, Namba 21, kuhusu watoto wa mitaani tu. Nao unaikataa hiyo kamatakamata.

Turudi kwenye makaratasi maana hapo ndo kazi yangu kubwa ilipo na hamna anayeiandika. Cheti cha kuzaliwa. Mwaka 2013 RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, walianza Mbeya ule mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano bure, cheti kinatoka kwenye ofisi ya kata au kituo cha afya wanakopeleka watoto kliniki, baadaye ukaenda mikoa mingine. Mzuri sana, nausifia bila kubania. Ila huyu wa stendi ana miaka kumi na mbili, alizaliwa nyumbani, kadi ya kliniki iliungua na nyumba au ilibaki kwa bibi aliyefariki. Kumsajili sasa hivi kunahitaji ushahidi wa alizaliwa wapi na nani, na yeye mwenyewe amekwambia anatoka wilaya tatu tofauti ndani ya wiki moja. Hadanganyi kwa ukorofi, anajua akisema kweli atarudishwa kwa yule anayempiga.

Kwa hiyo tunafanya upelelezi. Tunamsikiliza anavyoongea, anaitaje uji, anaitaje panya, anajua wimbo gani wa kanisani, sokoni kwao siku ya gulio ni lini, kuna ziwa au kuna mlima. Ikipatikana kata tunapiga simu kwa mtendaji. Na kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote ni rejista ya darasa la kwanza. Hata kama mtoto alisoma miezi miwili akaacha, kuna daftari kubwa limekaa kabatini kwa mwalimu mkuu, jina lake limo, jina la mzazi limo, mwaka wa kuzaliwa umo. Wenye cheti cha ubatizo nao wana bahati. Ukishapata karatasi moja tu ya kuanzia nyingine zinafuata. Walimu wakuu mnaosoma hapa, hizo rejista za zamani msiwape wauza maandazi.

Shule nayo ina mambo yake. Elimu bila ada ipo toka Januari 2016, na mtoto kukosa cheti siyo sababu ya kumfungia geti, mwandikisheni huku karatasi zinatafutwa. Ila tuseme ukweli, bila ada siyo bila gharama, kuna sare, daftari, chakula cha mchana, na dogo aliyezoea kushika elfu tatu yake kila jioni unamwambia akae dawati moja na watoto wa miaka saba wanamcheka kwa sababu ana ndevu zinaanza. Kwa hao waliopitiliza umri kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, wanasoma kwa kasi mambo ya msingi halafu anayeweza anaingia mfumo wa kawaida. Uliza shuleni kama darasa hilo lipo. Kama halipo uliza kwa afisa elimu kata kwa nini halipo.

Na matibabu, kumalizia ya yule dogo. Hospitali ya serikali kuna utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, na unapita kitengo cha ustawi wa jamii cha hospitali yenyewe. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto asiye na mtu usibishane na dirisha, sema "naomba kumuona afisa ustawi". Usiku huo mwenzangu wa hospitali alikuwa hayupo zamu, nikasaini mimi, kwenye sehemu ya mzazi/mlezi nikaandika cheo changu na jina la halmashauri, mguu ukasafishwa saa sita na nusu. Mama wa wali alikaa mpaka mwisho, asubuhi saa kumi alikuwa anatakiwa jikoni.

Siku ya kumi na mbili ndo dogo akanitajia jina lake la kweli. Hatukumpandisha basi siku hiyohiyo, maana hilo ni kosa tulilolifanya sana zamani, unamnunulia tiketi unampiga picha akipunga mkono, ukirudi Jumatatu yupo stendi. Kwanza mtu anaenda nyumbani kuangalia aliyempiga bado yupo na nani mwingine kwenye ukoo anaweza kumchukua. Wakati huo mtoto anakaa kwa familia ya kuaminika, hizi ni kaya za kawaida tu ambazo ustawi tumezikagua na kuziandaa zikae na mtoto kwa muda, na mtu mwenye nafasi na moyo anaweza kuomba. Alitoroka mara moja, akarudi mwenyewe baada ya siku mbili kwa sababu ya mbwa wa pale nyumbani aliyekuwa amemzoea. Sasa hivi yuko kwa shangazi yake.

Sasa wewe unayepita. Mia tano yako sikukatazi ila ujue usiku kaka mkubwa anaichukua, au inaishia kwenye gundi. Bora sahani ya chakula na umuulize jina. Usimpige picha ya uso ukaiweka status hata kama nia yako ni kumchangia. Usimpe kazi ya kuosha vyombo kwa malipo ya makombo ukaita msaada. Usimchukue kwenda kuishi naye kimyakimya, pita kwa mtendaji wa mtaa au ustawi kwanza, inakulinda na wewe. Na kabla hujachangia kituo chochote cha watoto omba kuona leseni ya makao ya watoto, mwenye nayo hakasiriki.

Namba ni 116, ya bure, ni simu ya msaada kwa mtoto. Polisi ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, siyo kaunta. Ukipiga wape alama, siyo "yuko mjini karibu na soko". Sema yuko baraza la duka la mabati, anakaa upande wa choo cha kulipia kuanzia saa tatu usiku, ana fulana ya bluu na anachechemea. Ikiwezekana subiri hapohapo mpaka mtu afike, kaa naye tu hata bila kuongea, na mkifika dirishani ukiulizwa wewe ni nani yake, sema umemleta wewe na uache namba yako.